Tasnifu Haina Kengele

Shuleni kwetu kengele ni rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye tawi la mwembe, na anayeigonga ni kiranja wa zamu kwa kipande cha nondo. Kwa miaka kumi na mmoja nimeingia darasani, nimetoka, nimekunywa chai na nimerudi nyumbani kwa amri ya chuma hicho, wala sikuwahi kukifikiria. Nilianza kukifikiria mwezi Februari 2023, nilipokuwa nimemaliza mitihani ya kozi za shahada ya uzamili ya elimu niliyokuwa nikiisoma kwa njia ya mtandao. Nilifungua faili jipya kwenye kompyuta mpakato, nikaandika "Sura ya Kwanza", nikaipigia mstari, kisha nikakaa miezi minne bila kuongeza hata aya moja.

Mwaka huu walimu watatu wa wilaya yetu, huku mkoani Lindi, wamejiunga na programu za namna hiyo hiyo, na kila mmoja kwa wakati wake amenifuata akiniuliza nilipata wapi ari ya kumaliza. Swali hilo hunitia haya, kwa sababu muulizaji hudhani kwamba ari ni kama mtungi wa maji, kwamba wengine wamejaaliwa mkubwa na wengine mdogo, na kwamba mimi nilipewa mkubwa. Mtungi wangu ulikauka kabla sijafika nusu ya safari. Sehemu kubwa ya tasnifu niliiandika nikiwa sina ari yoyote ya kuitaja, na yaliyonifikisha ni mambo ambayo mtu akiyasikia anaweza kuyaona madogo mno kuwa jibu. Nimeamua kuyaandika mara moja, kwa urefu, ili nisiendelee kuyaeleza nusu nusu kwenye korido ya ofisi ya elimu.

Mwaka wa kwanza, kuanzia Novemba 2021, ulikuwa mgumu kwa namna niliyoizoea. Tulisoma falsafa ya elimu, uchumi wa elimu, uongozi wa shule, mbinu za utafiti na takwimu, na kila kozi ilikuwa na kazi mbili za kuandika na mtihani wa mwisho. Nyumba ninayoishi ipo bondeni na mtandao haufiki vizuri, kwa hiyo ili kupakia kazi nililazimika kupanda juu ya kichuguu kilichopo nyuma ya choo, nimejitanda kanga kwa ajili ya mbu, nikiishikilia simu juu kama mtu anayemwonyesha mwezi mtoto. Usiku mmoja niliwahi kupakia kazi zikiwa zimebaki dakika sita mlango ufungwe. Nilichoka sana mwaka ule, nilinuna, nililia mara moja nilipopata alama za takwimu, lakini sikuwahi kuacha. Tarehe ilikuwepo, mtahini alikuwepo, na aibu ya kufeli mbele ya walimu wenzangu ilikuwepo. Kwa mwalimu hayo yanatosha. Sisi ni watu tuliofundishwa kugongewa, tangu tulipokuwa darasa la kwanza tukikimbilia mstarini, hadi tulipopewa ratiba yenye vipindi vya dakika arobaini na azimio la kazi linalosema mada gani ifundishwe wiki gani. Hata maisha yetu ya likizo yana tarehe zilizopangwa na wizara.

Kisha kozi zikaisha na kila kitu kikanyamaza. Chuo kilitutumia ujumbe wa kutupongeza, kikatupangia wasimamizi, na kikatwambia kwamba sasa sisi ni watafiti. Hakuna aliyesema ni siku gani sura ya kwanza itakiwe. Muda wa juu kabisa wa kukamilisha shahada ulikuwa umeandikwa katika mwongozo, lakini ulikuwa mbali kiasi kwamba haukumtisha mtu, na kitu kisichotisha leo hakimwamshi mtu saa kumi alfajiri.

Jambo la kuchekesha ni kwamba nilikuwa nimelisoma tatizo langu na kulijibia mtihani. Katika kozi ya elimu ya masafa tulifundishwa nadharia ya Michael Moore, mtaalamu ambaye tangu miaka ya 1970 alieleza kwamba umbali katika elimu ya namna hii haupimwi kwa kilomita. Kwake yeye umbali ni pengo la maelewano kati ya mwalimu na mwanafunzi. Mazungumzo yakiwa mengi pengo hupungua, na mazungumzo yakiwa machache hupanuka. Na kadiri linavyopanuka ndivyo mwanafunzi anavyohitaji uwezo mkubwa zaidi wa kujiendesha. Niliyaandika hayo kwenye karatasi ya mtihani kwa mwandiko mzuri, nikapata alama ya juu, na sikugundua hata kidogo kwamba miezi michache baadaye nitakuwa mimi ndiye mfano wa mwanafunzi aliyeachwa upande wa pili wa pengo.

Ile miezi minne sikukaa bure, na hilo ndilo lililonidanganya. Nilipakua makala. Nilikuwa na makala mia moja na themanini kwenye flashi, nimezipanga katika mafaili kwa rangi, na kila nilipojisikia vibaya nilipakua nyingine tatu. Kupakua makala usizozisoma ni sawa na mkulima anayenunua jembe kila anapokumbuka kwamba hajalima. Nilinunua pia daftari kubwa la jalada gumu, nikanunua kalamu za kupakia rangi, nikabadilisha mada mara mbili. Mkuu wa shule alipouliza, "Umefikia wapi, Madam?" nilijibu kwamba nipo kwenye mapitio ya maandiko, na jibu hilo lilikuwa zuri kwa sababu hakuna mtu anayejua mapitio ya maandiko huisha lini.

Baya zaidi ni kwamba nilianza kumkimbia msimamizi wangu. Aliniandikia mara moja mwezi Aprili akiuliza naendeleaje, na sikumjibu kwa sababu sikuwa na cha kumwonyesha, kisha nikazidi kutokuwa na la kumjibu kwa sababu sikuwa nimemjibu. Wanafunzi wangu hufanya hivyo hivyo. Anayekosa kipindi kimoja kwa sababu ya ada ya mtihani hukosa cha pili kwa sababu ya aibu ya kile cha kwanza, na mwisho mwalimu wa darasa huandika kwenye daftari la mahudhurio kwamba ni mtoro sugu. Nilikuwa nimewahi kuwachapa watoto kwa jambo ambalo sasa nilikuwa nikilifanya mwenyewe, nikiwa na miaka thelathini na sita.

Watu husema ukikwama, kumbuka sababu iliyokufanya uanze. Nilijaribu. Sababu iliyonifanya nianze ilikuwa cheo: nilitaka siku moja nifae kuwa ofisa taaluma, au angalau nisipitwe na vijana wanaotoka chuoni. Sababu hiyo ilikuwa na nguvu ya kutosha kunifanya nikope kwenye SACCOS na kulipa ada ya mwaka wa kwanza, lakini haikuwa na nguvu ya kuniamsha alfajiri kusoma makala kuhusu sampuli. Edward Deci na Richard Ryan, waliofanya kazi ya miaka mingi juu ya ari ya binadamu, wanasema mtu huendelea kwa moyo wake mwenyewe pale anapopata vitu vitatu, yaani uhuru wa kuamua, hisia ya kuiweza kazi, na kuhusiana na watu. Nilipoisoma tena nadharia hiyo mwezi Mei niliona kwamba uhuru nilikuwa nao hadi unanizidi. Viwili vilivyobaki sikuwa navyo kabisa.

Likizo ya Juni mwaka huo nilikwenda kumtembelea baba.

Baba yangu alikuwa mwalimu wa UPE, yaani mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Kwa wasomaji vijana nieleze kidogo. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma na kuamua kwamba watoto wote wa umri wa kwenda shule waandikishwe ifikapo mwaka 1977. Walimu wa kuwafundisha watoto hao wote hawakuwepo, na vyuo visingeweza kuwatoa kwa wakati. Serikali ikachukua vijana waliomaliza darasa la saba, ikawapa madarasa vijijini mwao, na ikawafundisha ualimu huku wakifundisha, kwa vijitabu, kwa vipindi vya redio, na kwa wakufunzi waliowazungukia. Mwishoni waliingia chuoni kwa wiki chache tu. Nilipokuwa mdogo nilisikia watu wakiwatania kwamba UPE ni Ualimu Pasipo Elimu, na baba alikuwa akicheka pamoja nao, ingawa mama alikuwa hacheki. Leo nikitazama programu ile naona ilikuwa elimu ya masafa kwa walimu kazini, iliyofanywa kwa kiwango kikubwa mno, bila kompyuta hata moja, miongo kadhaa kabla ya mimi kupanda kichuguu.

Nilimkuta baba akipukuchua mahindi barazani. Nilimsaidia, na katika mazungumzo nikamweleza kwamba ninasoma lakini masomo yamekwama. Hakunipa nasaha yoyote. Aliuliza tu, "Mkufunzi wako hupita siku gani?" Nikamwambia hapiti, kwamba siku hizi ni mtandao, yeye yupo Dar es Salaam na mimi niko huku. Akafikiri kidogo, mkono umetulia juu ya gunzi, kisha akasema, "Sasa mwanangu, usiposoma, nani anajua?"

Niliporudi nyumbani niliendelea kumpigia simu na kumdodosa kuhusu siku zile. Alikuwa akifundisha asubuhi na kusoma mchana, lakini alichokikumbuka vizuri zaidi ni redio na baiskeli. Kipindi cha redio kilikuwa na saa yake, na redio yenyewe ilikuwa ya jirani. Ukichelewa kimepita, na hakuna wa kukurudishia. Mkufunzi alikuwa akija kwa baiskeli, na vumbi lake lilionekana tangu kwenye mikorosho, na kama vijitabu vyako vilikuwa vitupu ulivijaza haraka haraka huku ukilitazama lile vumbi. Baba alikuwa na kengele mbili. Mimi nilikuwa na video za mihadhara ambazo zingenisubiri milele. Hata Chuo Kikuu Huria cha Uingereza, kilipoanza kufundisha Januari 1971, kilirusha masomo yake kupitia BBC, na mwanafunzi aliyelala kipindi kikiwa hewani alikuwa amekikosa. Tunasifu sana teknolojia ya leo kwa kuwa inamsubiri mwanafunzi, na ni kweli inamfaa mama anayenyonyesha na mwalimu mwenye zamu. Lakini kitu kinachosubiri bila kuchoka hukufundisha kukisubirisha.

Kwa hiyo kuanzia Julai 2023 niliacha kutafuta ari, nikatafuta kengele.

Darasa letu la mtandaoni lilikuwa na kundi la WhatsApp lenye watu arobaini na sita, na wazo langu la kwanza lilikuwa kulitumia. Niliandika pale kwamba tupeane taarifa kila Ijumaa. Watu kumi na wawili waliweka alama ya dole gumba, watatu walitoa taarifa wiki ya kwanza, na wiki ya tatu kundi lilikuwa limerudia kazi yake ya kawaida ya kutuma rambirambi, matangazo ya mashamba na salamu za asubuhi zenye picha za maua. Silaumu mtu. Katika kundi la watu arobaini na sita asiyeonekana hatafutwi, kama ilivyo kwenye mkutano wa kijiji, na mimi nilikuwa nahitaji mahali ambapo nisipoonekana nitatafutwa.

Nikamwandikia faragha mwanafunzi mmoja tu, mwalimu wa Kasulu mkoani Kigoma ambaye tulikuwa hatujawahi kuonana ana kwa ana. Nilimchagua kwa sababu katika mijadala ya kozi ya takwimu aliwahi kukiri wazi kwamba haelewi, na nilidhani mtu wa namna hiyo hatanidanganya. Tulikubaliana jambo rahisi. Kila siku, saa nne na nusu usiku, kila mmoja ambipu mwenzake. Bipu moja maana yake nimeandika leo, hata kama ni sentensi tatu. Bipu mbili maana yake sijaandika, nipigie. Na aliyebipiwa mara mbili hapaswi kutoa pole, anauliza swali moja tu, "Kesho utaandika kipengele gani, na saa ngapi?" Kisha simu inakatwa.

Ninajua linavyosikika. Watu wawili wazima, wenye shahada za kwanza, wenye watoto, wanabipiana kama wachumba wasio na salio. Mume wangu alicheka wiki nzima. Lakini jioni ya kwanza niliyotaka kulala bila kuandika, saa tatu na dakika hamsini, niliinuka nikafungua kompyuta na kuandika aya mbovu kabisa kuhusu usuli wa tatizo, kwa sababu sikuwa tayari kubipu mara mbili katika siku ya nne tu. Aya ile ilikuwa ya kwanza tangu Februari. Imebaki kwenye tasnifu hadi leo, ingawa imefanyiwa matengenezo mengi kiasi kwamba ni mimi tu ninayeitambua.

Baadaye muda wa kuandika ulihamia alfajiri, kuanzia saa kumi hadi saa kumi na moja na robo, kabla mtoto mdogo hajaamka na kabla kichwa hakijajaa mambo ya shule. Lengo lilikuwa maneno mia mbili kwa siku. Nilijaribu mia tano nikashindwa siku ya tatu, na kushindwa kule kukanikalisha wiki nzima, ndipo nikaelewa kwamba lengo kubwa linaweza kuwa ujanja mwingine wa kutofanya kazi. Msimamizi naye nilimwandikia, nikamwomba radhi bila kueleza mengi, nikamwambia kwamba kila Ijumaa ya pili nitamtumia nilichonacho katika hali yoyote kitakayokuwa. Alijibu kwa neno moja, "Sawa." Si kila Ijumaa alijibu, kuna sura iliyokaa kwake wiki tano ikarudi na maoni ya mstari mmoja. Nilikasirika, lakini nilikuwa nimeshajifunza kutuma kazi na kuanza nyingine siku hiyo hiyo, maana ukimfanya msimamizi kuwa ndiye kengele yako utalala mpaka amalize kusahihisha mitihani ya watu mia mbili.

Mada yangu ya tatu, ambayo ndiyo iliyosimama, ilitoka kwenye daftari langu la mahudhurio. Kila mwaka, kuanzia Oktoba, mabibo yanapoanza kuanguka, madarasa ya kidato cha kwanza na cha pili hupungua kama ndoo inayovuja. Watoto wapo kwenye korosho. Sote tunajua, tunaandika barua kwa watendaji wa vijiji, tunawaita wazazi, na Januari tunasahau. Niliamua kutafiti utoro wa msimu wa korosho katika shule nne za kata. Barua za kibali zilizunguka kutoka chuoni kwenda mkoani, kutoka mkoani kwenda halmashauri, na nilikusanya data Oktoba na Novemba 2023, nikigombania muda na usimamizi wa mitihani ya taifa.

Hapo ndipo jambo ambalo sikulitarajia lilipotokea, na nitalielezea kwa kirefu kwa sababu ndilo pekee katika makala hii ninaloweza kuliita ari. Nilikwenda kwa wazazi nikiwa na hojaji iliyojaa maswali kuhusu mwamko wa elimu, kana kwamba nilikuwa tayari nina jibu. Mama mmoja, tukiwa tumekaa chini ya mkorosho wake, aliniuliza kama nilijua daftari alilokuwa akiandikia mwanawe lilinunuliwa kwa fedha gani. Sikujua. Mtoto alikuwa ameokota korosho kwenye shamba la mtu kwa malipo, akanunua madaftari, sare na viatu, na ndiyo sababu alikuja shule Januari. Wengi niliozungumza nao baadaye walinieleza habari inayofanana na hiyo. Kwa watoto wengi niliokuwa nikiwaandika watoro, wiki zile tatu za kukosa shule ndizo zilizolipia miezi mingine tisa. Sikuhitaji kuambiwa na mtahini kwamba hilo lina maana. Jumatatu iliyofuata niliingia darasani nikabadilisha mpangilio wa mada zangu za Jiografia, nikapeleka zile ngumu zaidi Agosti na Septemba, na nikaanza kuwawekea wanaokwenda msimuni muhtasari wa kurasa mbili wanaoweza kuukunja na kuutia mfukoni. Msimu ule nilikuwa nikiamka saa kumi bila mlio wa simu, kwa sababu nilitaka kujua data inasema nini. Ulidumu kama wiki saba, nami nilikuwa na furaha nao, kisha ukapita.

Ulipita nilipoanza kuandika sura ya nne. Wazazi walikuwa wamenijibu kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kimwera, na tasnifu ilitakiwa iwe kwa Kiingereza. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili na Jiografia. Neno "msimu" lenyewe lilinitesa siku mbili, kwa kuwa huku kwetu msimu una korosho ndani yake, una mnada, una madeni yanayolipwa, mabati yanayonunuliwa na harusi zinazofungwa, na neno la Kiingereza nililolipata lilibaki linazungumzia hali ya hewa tu. Nilihisi kwamba ninawanyang'anya watu sauti zao kisha ninazirudisha zikiwa zimepauka. Yule mwenzangu wa Kasulu ndiye aliyenishauri niandike kwanza sura nzima kwa Kiswahili na nishughulikie Kiingereza baadaye. Kazi iliongezeka, lakini iliendelea, na bado ninayo nakala ya Kiswahili ambayo kwa maoni yangu ndiyo bora kati ya hizo mbili.

Mwaka 2024 ulianza na umeme unaokatika bila taarifa, na nikajifunza kuchaji kila kitu kila unaporudi, hata saa nane usiku. Rasimu kamili ilikuwa tayari mwishoni mwa Aprili. Nilipanga kusafiri kwenda Dar es Salaam nikaonane na msimamizi kwa mara ya kwanza, na mwanzoni mwa Mei kimbunga Hidaya kikapiga pwani, mvua ikaikata barabara kule Somanga, mabasi yakasimama. Nikasema basi nitume kwa baruapepe. Jumapili ya tarehe 12 Mei mikongo ya mawasiliano iliyolazwa chini ya Bahari ya Hindi ilipata hitilafu na intaneti ikadorora nchi nzima, na nchi jirani pia. Faili langu lilikuwa likipanda asilimia nne, linarudi sifuri. Saa nne na nusu usiku simu iliita mara moja na kukatika. Mikongo haikuwa na habari na bipu. Bipu hupita kwenye mnara tu. Nilikaa kwenye kichuguu changu nikacheka peke yangu, kwa sababu katika programu nzima ya mtandaoni, kitu pekee kilichokuwa kikifanya kazi usiku ule kilikuwa kile tulichokibuni wawili kwa simu za kawaida.

Nisije nikaonekana ninasimulia ushujaa. Wahamasishaji wanaowaambia walimu walale kwa muda wa saa tatu tu ili wafanikiwe wananiudhi. Nililala kwa muda wa saa tatu kwa siku kwa mwezi mmoja, Machi ya mwaka huo huo, nikaishia kulazwa na malaria pamoja na uchovu, na wiki mbili za kazi zikapotea, tena niliwachapia wanafunzi mtihani wa jaribio wenye maswali mawili yaliyojirudia. Niliacha kikoba cha kina mama na bado hawajanirudisha vizuri moyoni. Binti yangu, ambaye sasa yuko darasa la tano, aliandika katika insha ya "Familia Yangu" kwamba mama yake hupenda kukaa na kompyuta. Mwalimu wake alinionyesha kwa nia njema kabisa. Tangu siku ile Jumamosi jioni na Jumapili yote sikufungua faili, na bipu hatukupigiana siku hizo, na kusema kweli kasi haikupungua.

Nilitetea tasnifu Oktoba 2024, kwa video, nikiwa katika ofisi ya mkuu wa shule kwa sababu ndiyo yenye mtandao mzuri, huku nje kiranja akigonga rimu katikati ya swali la mtahini wa pili. Nilipita, kwa sharti la marekebisho thelathini na moja. Hakuna aliyenionya kuhusu marekebisho. Ukishatetea, kila mtu anakupongeza, mkwe anachinja kuku, nawe mwenyewe unaamini umemaliza. Kumbe hapo ndipo wengine huiweka kazi kabatini ikalala mwaka mzima, maana ari imeshakula sherehe yake. Niliyaorodhesha yote kwenye karatasi ya manila, nikaibandika ukutani jikoni, na binti yangu akapewa kazi ya kukata mstari mmoja kila jioni. Alikuwa mkali kuliko mtahini wa nje. Jioni niliyojaribu kumwambia kwamba namba kumi na tisa ni ndogo sana hivyo aikate tu, aliomba nimwonyeshe.

Mwenzangu wa Kasulu bado hajamaliza. Alifiwa na mama yake mwaka jana, akasimama kwa miezi mitano, na sasa yuko sura ya tano. Jana usiku simu yangu iliita mara moja, ikakatika, kisha ikaita tena. Nikampigia. Nikamuuliza kesho ataandika kipengele gani, na saa ngapi. Akasema mapendekezo, saa kumi na moja alfajiri, kabla hajaenda zamu.